NANI ANAKULA MOTO WA BIBLIOTHEKE USIKU?



Wengi wenu hamjasahau yale majuma ya mvua kabla ya Noeli. Taa ya bibliotheke ilizimika kila siku ya tatu, mara saa mbili ya usiku, mara hata mbele ya saa hiyo, na etidi yetu inaisha saa tatu na nusu. Mafinaliste, wenye kutayarisha Exetat, walimalizia masomo na mishumaa ao walikwenda kulala na hasira. Na vile mtu mwenye hasira hutafuta mwenye kosa, ilisemwa haraka: “Ule mutoto wa ufunguo anachajia batu simu usiku!” Maana yake ni yule ndugu wa mwaka wa pili anayefunga bibliotheke jioni. Yeye alijibu: “Hapana, kapita, miye sikuiba moto.” Sisi hatukumsadiki. Tuliandika jina lake katika daftari ya adhabu, naye alifyeka majani nyuma ya kanisa kwa siku kumi. Leo tunaeleza mwizi alikuwa nani, maana tumemkamata, naye hana mikono.

Kwanza tuonyeshe moto wetu unatoka wapi. Juu ya bati kuna pano moja ya wati 10. Chini kuna batri moja ya volti 12, amperi-saa 7. Batri ya namna ile (ya risasi na asidi) si vizuri kuinyonya kupita nusu, itakufa mapema. Basi tunayo amperi-saa tatu na nusu tu za kutumia. Taa ni ya wati 3: inavuta robo ya amperi, na kwa saa tatu za etidi inakula amperi-saa 0.75. Siku ya jua pano inarudisha mara mbili ao tatu ya hiyo. Siku ya mvua inarudisha karibu 0.8. Kwa hesabu hiyo, hata mvua ikinyesha juma zima, taa ingeweza kuwaka. Lakini haikuwaka. Kuna kinywa kingine kilichokuwa kinakula.

Tulipangusa pano, tukakaza waya za batri. Hakuna mabadiliko. Ndipo mwalimu wetu wa fizika alisema: “Ninyi munatafuta mutu. Tafuteni miliamperi.”

Akatuazima kipimo chake cha umeme. Hapa tuonye wale watakaotaka kujaribu: kwa kupima ampere hauweki kipimo juu ya vichwa viwili vya batri kama unapopima volti. Unakata njia ya moto, unaweka kipimo katikati, ili moto wote upite ndani yake. Tena tundu la miliamperi la kipimo lina fyuzi ya miliamperi 200. Sisi tulisahau taa ikiwa inawaka, nayo inavuta 250. Fyuzi ilikufa siku ya kwanza, tukamkosea mwalimu, tukachanga franka za kununua nyingine. Siku ya pili tulizima taa kwanza.

Taa imezimwa, mlango umefungwa, hakuna simu hata moja. Kipimo kikaonyesha miliamperi 62.

Mtu atasema 62 ni kitu gani? Ni robo ya taa. Ndiyo, lakini taa inakula saa tatu, na kile kitu kinakula saa 24. Zidisha: ni karibu amperi-saa 1.5 kwa siku, mara mbili ya taa! Sasa weka pamoja 0.75 na 1.5, ondoa 0.8 ya siku ya mvua, na utaona kwa nini batri ilifika nusu siku ya tatu. Hesabu hii ya darasa la tano la msingi ilikuwa mikononi mwetu tangu mwanzo, hatukuifanya.

Ni kitu gani basi kilichobaki juu ya batri usiku? Ni habu ya USB. Wale wasioijua: ni kale kasanduku keusi juu ya meza, chenye matundu manne, kinachofanya tundu moja la kompyuta kuwa manne. Kompyuta yenyewe haikai pale, inarudi ofisini jioni, na inachajiwa na grupu ya misioni. Habu inabaki, pamoja na fulashi ya masomo na kipanya. Inapata moto wake kwa batri kupitia kigeuzi kidogo kinachoshusha volti 12 kuwa volti 5, mfano wa kile cha kuchajia simu ndani ya motokari.

Tukaanza kuchomoa, kimoja kimoja, na kuandika. Kipanya kikatoka: 52. Fulashi ikatoka: 30. Habu yenyewe ikatoka: 9. Hizo 9 ni za kigeuzi, kinakula hata kama hakuna anayekiomba kitu. Kwa hiyo habu tupu, haina mzigo, haina kompyuta, ilikula 21.

Hapo wengine walitaka kufunga maneno: “Itupwe!” Mwalimu akakataa, akaleta kompyuta, akaunganisha vyote kama mchana, kisha akaifunga kifuniko ilale. Tukaangalia kipimo. Kikashuka mpaka 15! Akachomoa kamba ya kompyuta: kikapanda tena 62. Akairudisha: 15. Tulicheka sana. Habu ikiwa pamoja na bwana wake analala, nayo inalala. Ikiachwa peke yake, inakesha.

Ili mfahamu sababu, fikirini kengele yetu. Kompyuta inapiga kengele kwenye waya za USB mara 1,000 kwa sekunde (na kwa vyombo vya mwendo mkubwa, vya USB 2.0 iliyotoka mwaka 2000, mara 8,000). Kila chombo kinasikiliza. Sheria ya USB inasema: ukiona milisekunde 3 zimepita kimya, hakuna kengele hata moja, ulale. Na chombo kilicholala kisivute kupita miliamperi 2.5, hata kama mchana kina ruhusa ya 500. Habu ni kama kapita wa bweni. Ikisikia kengele inawapigia wale walio chini yake, na ikiamka inawaamsha. Kwa hiyo chipu ya habu isipolala, fulashi na kipanya navyo havipati usingizi. Ndiyo maana tulipoteza miliamperi za wote watatu, si za habu peke yake.

Sasa, kamba ikichomolewa, hakuna kengele. Kimya ni kimya, sivyo? Hapana, na hapa ndipo tuliposhangaa. Ndani ya kamba kuna waya mbili za data. Upande wa habu, moja inavutwa juu kwenda volti 3.3 na rezistansi ya omu 1,500. Upande wa kompyuta, zote mbili zinavutwa chini na rezistansi za omu 15,000. Kompyuta ikiwapo, waya moja iko juu kabisa, nyingine iko chini kabisa, na chipu inasoma wazi: kimya, tulale. Kompyuta ikiondoka, zile rezistansi 15,000 zinaondoka nayo. Waya ya pili inabaki hewani, haina wa kuishika, inaokota makelele kama anteni ya redio. Chipu inasikia kengele za uongo usiku kucha.

Tulijaribu neno hilo kwa njia mbili. Kwanza mmoja wetu aligusa kichwa cha kamba kwa kidole, na namba za kipimo zikaanza kucheza. Pili, mwalimu alifunga rezistansi mbili za 15,000 kwenye kipande cha kamba ya zamani, akafanya “kompyuta ya uongo”, akaichomeka. Kipimo: 15. Ugonjwa ulikuwa umejulikana.

Lakini habu nzuri haingengoja kimya. Chipu nyingi za habu zina mguu mmoja wa kuuliza tu: je, volti 5 za kompyuta zipo kwenye kamba? Zisipokuwapo, chipu inaacha kuvuta ile waya ya data na kujipumzisha. Tulifungua kasanduku, tukaangalia na lensi ya maabara. Mtengenezaji, kwa kuokoa rezistansi mbili, aliunganisha mguu ule na volti 5 za habu yenyewe. Basi kila mara chipu inapouliza “Bwana yupo?”, inajijibu yenyewe: “Yupo.” Kwa yule anayetumia habu bila moto wa pembeni, kosa hili halionekani hata siku moja, maana kamba ikichomolewa moto wote unakatika. Linaonekana kwetu tunaoilisha na batri.

Kazi ya mikono tulimwachia fundi wa simu wa sokoni, mkono wake ni mwepesi kuliko wetu. Alikata kile kijia chembamba cha shaba, akaweka rezistansi mbili za omu 100,000: moja kutoka volti 5 za kompyuta mpaka mguu, nyingine kutoka mguu mpaka chini, ili mguu upate nusu ya zile 5 na usiungue. Tulipopima, kamba ikiwa nje na vyote vimechomekwa: 14. Kutoka 62!

Hizo 14 zilizobaki ni nini? Tisa ni za kigeuzi. Nyingine ni kataa kekundu ka habu, na fulashi na kipanya, kwa sababu matundu ya habu hii hayana swichi na volti 5 zinapita siku zote. Kuna aliyetaka kungoa kataa kale. Tulikataa, ndiko kanakotuambia kama moto upo.

Wandugu kadhaa wametuuliza: kwa nini hamkuweka tu swichi kwenye waya wa volti 12, mkazima vyote jioni? Ni neno la haki. Tumeiweka sasa, ilituchukua nusu saa, na ikizimwa kipimo kinaonyesha sifuri. Lakini swichi ile ingewekwa siku ya kwanza, taa ingewaka, nasi tungesema: “Munaona? Tulimwazibu yule mtoto, wizi ukaisha.”

Bwana Prefe alipoziona namba zetu, alituambia tuisome karatasi yote mbele ya wanafunzi kwenye ibada ya asubuhi. Kisha tulifuta jina la ndugu yule katika daftari, kwa mkono wetu wenyewe, na kumwomba radhi mbele ya wote. Alikubali, akaomba kitu kimoja: awe yeye wa kushika swichi.

Ameishika. Kila asubuhi anaandika volti za batri kwenye kikaratasi ndani ya mlango wa bibliotheke. Juma lililopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na asubuhi ya siku ya tano aliandika 12.4. Anayetaka kutumia fulashi ya masomo nyuma ya saa kumi na moja ya jioni aende kumwona yeye, asiguse swichi mwenyewe.