Zama Zilizofungwa kwa Maisha ya Mfalme

Tarehe 1 Aprili 2019, Wajapani walikodolea macho televisheni wakati Yoshihide Suga, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, alipoinua fremu nyeupe yenye herufi mbili za brashi: Reiwa, jina la zama mpya. Mwezi mmoja baadaye Mfalme Akihito alikuwa ameng'atuka, mwanawe Naruhito amekalia kiti, na hesabu ya miaka ikaanza tena kwenye moja.

Utaratibu huu wa kuhesabu miaka kwa majina ya zama ni wa kale. Jina la kwanza, Taika, lilianza mwaka 645; tangu 701 mfululizo haujakatika, na Reiwa ni la 248. Wafalme wenyewe ni 126 tu, kwa kuwa zamani jina halikusubiri mfalme afe. Mwaka 708, shaba ilipopatikana jimbo la Musashi, zama mpya ya Wadō ilitangazwa kwa furaha. Mara nyingi zaidi sababu ilikuwa msiba. Mwaka 1854 kasri la Kyoto liliteketea, meli za kivita za Marekani zikarudi, ardhi ikatetemeka vibaya. Mapema 1855 zama ya Kaei ikafungwa na Ansei ikafunguliwa, kwa matumaini kwamba nchi itatulia. Kabla mwaka huo haujaisha, tetemeko jingine liliipiga Edo, yaani Tokyo ya leo, na kuua maelfu.

Ilipofika 1868, serikali ya Mfalme Meiji iliamua: mfalme mmoja, jina moja. Hapo ndipo kalenda ilipopoteza uwezo wake mkubwa, ule wa kusema kwamba jambo zito limetokea.

Itazame zama ya Shōwa. Ilianza tarehe 25 Desemba 1926 na kuisha tarehe 7 Januari 1989, siku aliyofariki Mfalme Hirohito, hivyo mwaka wake wa kwanza na wa 64 ulikuwa na siku saba kila mmoja. Mtoto aliyezaliwa tarehe 7 ni wa Shōwa 64; wa kesho yake ni wa Heisei 1, zama iliyofuata. Lakini kulipuliwa kwa Hiroshima na Nagasaki, kushindwa vita na kuingia kwa majeshi ya Marekani, yote yalitokea Shōwa 20, na mwaka uliofuata ukaitwa Shōwa 21, kana kwamba hakuna kilichovunjika. Jina lililobeba vita ndilo lililobeba Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Tsunami ya 2011 nayo haikubadili kitu: ilikuwa Heisei 23, ikafuata Heisei 24.

Hata hivyo zama hizi hazijawa pambo. Sheria ya 1979 inazilinda, na zimo kwenye sarafu, fomu za serikali na kadi za usajili wa magari. Mnunuzi wa gari kuukuu, Dar es Salaam au Mombasa, akikuta Heisei 20 kwenye kadi ya Kijapani, aongeze 1988: gari lilisajiliwa mwaka 2008. Kwa Reiwa, aongeze 2018.