Usafi mkubwa ungoje kipupwe

Kaya nyingi za Dar es Salaam na Tanga hufanya usafi mkubwa wa nyumba kwa kufuata sikukuu: siku za mwisho za Ramadhani, au wiki ya Krismasi wageni wakiwa njiani. Heshima ya mgeni naielewa. Lakini Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo iko miaka ambayo Idi huangukia katikati ya masika, na Krismasi nayo huweza kukuta vuli haijakatika. Adui mkubwa wa nyumba ya pwani ni unyevu na kile kinachoota juu yake, na unyevu hauondolewi kwa kuongeza maji. Ndiyo maana napendekeza Juni, masika yakishapita na kipupwe kikiingia.

Panga kazi kwa saa za jua. Asubuhi toa nje kile tu kitakachokuwa kimekauka ifikapo saa kumi jioni. Wengi huhamishia nyumba nzima uani Jumamosi moja. Magharibi inafika magodoro bado mabichi, yanarudishwa ndani hivyohivyo, na ukungu unapata makao mapya. Chumba kimoja kwa siku kinatosha, hata kama kazi itachukua wiki mbili. Godoro lisimamishe ukutani na uligeuze saa sita, pande zote zipate joto. Chaga za kitanda zipige brashi kwenye maungio, maana humo ndimo kunguni hujificha. Chandarua chenye dawa tu kisianikwe juani, kwa sababu jua hudhoofisha dawa yake. Kifue kwa maji baridi na sabuni laini, bila jiki, ukianike kivulini.

Ndani ya chumba, shuka kutoka juu kwenda chini, na kazi kavu itangulie ya maji. Vumbi likishalowa ni tope. Bawa la pangaboi livalishe foronya kuukuu, ushike kwa nje na kuivuta taratibu; vumbi lote litabaki ndani ya foronya badala ya kukumwagikia usoni. Halafu ndipo juu ya kabati, nyavu za madirisha, kuta, na sakafu mwisho. Anayeanza kwa kudeki atadeki mara mbili.

Sasa sogeza kabati. Likiwa limebanwa kwenye ukuta wa nje, mara nyingi utakuta doa jeusi nyuma yake, kwa kuwa hewa haipiti hapo. Usilifagie likiwa kavu, utatawanya vijimbegu vya ukungu nyumba nzima. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, futa, ndipo upake jiki, kwani uchafu hula nguvu ya klorini. Jiki ya asilimia 3.5, robo lita kwenye lita 9 za maji, iache dakika 10 kisha futa. Kilichobaki mwaga siku hiyohiyo, kesho nguvu yake itakuwa imepungua. Jiki isikutane kamwe na asidi ya choo wala siki. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, havina hata dirisha la maana.

Dari la jipsamu lililolowa lina habari yake. Jiki itang'arisha uso na kuacha ukungu ndani, hivyo kata kipande hicho, na kabla ya kuweka kipya tafuta bati linalovuja. Mafundi wetu hupenda kupaka rangi juu yake. Miezi michache baadaye doa limerudi. Kabati nalo, ukilirudisha, liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani.

Nje ya nyumba, gata na tangi ndivyo husahauliwa. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji ya pipa hakutoshi. Sugua kuta zake. Tangi la lita 1,000 litoe maji, lisugue, mwaga tope, kisha lijaze upya na utie lita moja na nusu ya jiki ileile, isiyo na manukato. Fungua mabomba hadi usikie harufu, yafunge, subiri saa 24. Maji hayo hayanywewi wala hayapikiwi. Yamalizie kusafishia vyoo na mitaro, kisha suuza tangi.

Kama muda au fedha havitoshi mwaka huu, mapazia na madirisha yanaweza kungoja. Tangi, magodoro na ukuta wa nyuma ya kabati visingoje.