Homa ya Mtoto na Kijidudu cha Tumboni

Salmonela ni kijidudu kinachokaa matumboni mwa kuku, ng'ombe na hata binadamu. Wengi tunakijua kwa kuharisha. Lakini mwaka 2009 watafiti walieleza aina mpya, ST313, iliyokutwa kwa wagonjwa wa Kenya na wa jirani zetu Malawi. Hii huingia kwenye damu, hasa ya watoto wadogo wenye malaria, utapiamlo au VVU. Mtoto huwa na homa kali, mara nyingi bila kuharisha, na anaweza kufa. Ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli mara nyingi hazikiui.

Basi mzazi wa Msangano, homa isiposhuka, hata kama mtoto ameshapewa dawa ya malaria, usikimbilie vidonge vya dukani. Mrudishe kituo cha afya haraka. Dawa za watu zilizobaki usiwape kuku, kwani vijidudu huzizoea. Kuku wasilale jikoni. Udhu ni ibada, lakini ukishachinja au kusafisha banda, nawa pia kwa sabuni, uoshe na kisu. Twahara ya nyumba ni kinga ya watoto wetu.