Lishe, Konifleksi na Weetabix: Majina ya Nafaka za Kifungua Kinywa katika Soko la Same

Makala haya yanajadili majina ya nafaka za kifungua kinywa kama yanavyotumika wilayani Same. Hoja yake ni kwamba mpaka kati ya jina la bidhaa na jina la kawaida huhama pindi neno linapoingia katika lugha nyingine.

Tuchukue konifleksi. Katika Kiingereza, Corn Flakes ni maelezo tu: vipande vyembamba vya mahindi. Ndiyo maana Will Keith Kellogg, aliyeanzisha kampuni yake Battle Creek, Marekani, mwaka 1906, alilazimika kuchapa saini yake kwenye pakiti ili zitofautiane na za washindani. Mwaka 1907 kampuni hiyo iliwahimiza akina mama wa New York wamkonyeze mwenye duka siku ya Jumatano, wapewe pakiti bure. Kituko ambacho muuza duka wa Same angekipokea kwa mashaka makubwa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, maneno hayohayo hayaelezi chochote. Yanasikika kama jina la pekee, sawa na Weetabix, ambayo Mwingereza husikia ngano ndani yake. Yote mawili huingia katika ngeli ya I-ZI: konifleksi imekwisha, Weetabix imepanda bei.

Unga wa lishe umepita njia ya kinyume. Huu ni mchanganyiko wa mahindi, ulezi, soya, karanga na pengine mchele, unaosagwa mashineni na kuuzwa kwa kupimwa au katika mifuko midogo. Nomino lishe imetokana na kitenzi lisha, yaani mzizi -l- wa kula na kiambishi cha usababishi -ish-. Hapo awali ilitaja hali, si kitu. Leo mnunuzi husema, “Nipimie lishe kilo mbili.” Kichwa cha kirai, unga, kimedondoshwa, na upatanisho umefuata: unga huu umekuwa lishe hii.

Athari ya kisemantiki ni nzito kuliko ya kisarufi. Kuuita uji mmoja “wa lishe” ni kudokeza kwamba uji mwingine haulishi. Kiporo cha makande, ambacho kimewapeleka shuleni watoto wengi wa Upareni, kina mahindi na maharage, nafaka na kunde pamoja. Hata hivyo hakuna anayekiita lishe. Neno hilo linafanya kazi ya nembo bila kuwa na mwenyewe, na kila msagaji anaweza kulitumia. Mama anayemwanzishia mtoto uji hulipa zaidi kwa ajili ya neno ambalo halimwambii kama soya imo, wala kama mahindi ndiyo yaliyojaza mfuko.

Kwa mtunzi wa kamusi, lishe yenye maana ya unga inastahili kuingizwa kama maana ya pekee. Kwa msagaji, “unga wa mahindi, ulezi na soya” ni jina refu, lakini linaenea kwenye karatasi ya mfuko wa kilo moja.