Kidonge cha wasiwasi kinavuka mipaka, mfanyabiashara anakijua kiasi gani?

DESEMBA 2014, vituo vya afya vya Ituri, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, vilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Shingo zilikuwa zimekakamaa, nyuso zimepinda upande, ndimi zinatoka nje bila wenyewe kutaka. Kwa kuwa shingo kukakamaa ni dalili ya homa ya uti wa mgongo, ugonjwa huo ndio ulioshukiwa kwanza. Kufikia Agosti 2015, waliolazwa walikuwa wamepita 1,000.

Haikuwa homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulioshirikisha Madaktari Wasio na Mipaka ulibaini kuwa wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo wengi wetu tunaifahamu kama Valium. Maabara ilipovipima, ndani hamkuwa na diazepamu hata kidogo. Kulikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa makubwa ya akili, ambayo ikitumiwa vibaya hukaza misuli ya shingo na uso namna ile ile. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari ya kimataifa kuhusu vidonge hivyo.

Ituri inapakana na Uganda, na Congo sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Njia zinazopitisha vitenge, samaki wakavu na sabuni ndizo hizo hizo zinazopitisha dawa. Ndiyo maana kisa hiki kinamhusu kila anayelala Mutukula leo na kuamkia Kampala kesho.

Kwa nini wafanyabiashara

Biashara ya mpakani haina usingizi wa uhakika. Mzigo umekwama forodhani na nyanya zinaoza. Marejesho ya mkopo wa kikundi ni Ijumaa. Shilingi imeshuka wakati bidhaa ulishailipia kwa dola. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, usiku mzima macho yako kwenye dari ya nyumba ya wageni.

Katika hali hiyo, mtu hufika duka la dawa na kusema: "Nipe kitu cha kunituliza." Akiangukia kwa muuzaji asiyejali sheria, huhesabiwa vidonge kutoka kwenye kopo kubwa na kufungiwa kwenye karatasi, bila boksi, bila jina la kiwanda, bila tarehe ya kuisha muda wake. Kinachomezwa baada ya hapo ni bahati nasibu. Hata kikiwa ni dawa halisi, bado kuna mambo ambayo mtu huyo hakuelezwa.

Dawa yenyewe ni nini

Diazepamu ni ya kundi linaloitwa benzodiazepini. Ndugu zake ni lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu na midazolamu. Dawa ya kwanza ya kundi hili, Librium, iligunduliwa na mkemia Leo Sternbach akiwa na kampuni ya Hoffmann-La Roche nchini Marekani, ikaingia sokoni mwaka 1960. Valium ikafuata mwaka 1963.

Ubongo una kemikali yake ya kupunguza kasi, inayojulikana kwa kifupi GABA. Benzodiazepini huiongezea nguvu kemikali hiyo. Mawazo yanatulia, misuli inalegea, usingizi unakuja. Nafuu huanza kuonekana ndani ya saa moja au pungufu, na hapo ndipo sifa yake na hatari yake zinapoanzia.

Si dawa ya kulaaniwa. Diazepamu imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Mtoto mwenye degedege lisilokatika huokolewa nayo. Hutumika kwa kifafa kilichopamba moto, kwa mshtuko wa misuli wa pepopunda, kwa mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji, na kwa mlevi wa siku nyingi anayeacha pombe chini ya uangalizi wa hospitali. Kwa mtu mwenye wasiwasi mkali uliomzidi, daktari anaweza kumwandikia kwa siku chache.

Neno la kushika hapo ni siku chache. Tangu mwaka 1988, mamlaka za dawa za Uingereza ziliwashauri madaktari wasivuke wiki 2 hadi 4. Mwaka 2013, WHO ilielekeza kwamba watu wazima waliopatwa na tukio la kutisha wasipewe benzodiazepini kwa ajili ya mshtuko huo ndani ya mwezi wa kwanza, na waliofiwa vilevile wasipewe kwa sababu ya msiba peke yake. Aliyevamiwa na majambazi njiani au aliyenusurika ajali ya basi anahitaji watu wa kukaa naye na kumsikiliza, pamoja na muda, kabla ya kidonge.

Pale inapogeuka

Mwili huizoea dawa hii haraka. Kidonge kimoja kilichokuwa kinalaza sasa hakilazi, vinakuwa viwili. Baada ya wiki kadhaa za kumeza kila siku, mtu akikosa dozi hupata mikono kutetemeka, jasho, usingizi kukatika na wasiwasi mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Vijana wa pwani huiita hali ya aina hii arosto. Wengi hudhani ugonjwa wao umerudi, wakaongeza vidonge, kumbe ni dawa inayodai.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha ghafla. Aliyetumia muda mrefu akikatisha siku moja anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wapo wanaopoteza maisha. Nchini Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwasaidia watu kuziacha dawa hizi mjini Newcastle kati ya mwaka 1982 na 1994, na somo lake kuu lilikuwa kupunguza kidogo kidogo kwa kasi ambayo mgonjwa anaimudu. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo anayetumia kila siku asitupe vidonge kwa hasira baada ya kusoma makala hii. Aende hospitali apangiwe namna ya kushuka.

Hatari nyingine haisubiri wiki. Benzodiazepini na pombe zote hupunguza kasi ya ubongo, zikikutana hupunguza hata pumzi. Ni hivyo hivyo kwa tramadoli, dawa ya kikohozi yenye kodeini, na heroini. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali zaidi mwaka 2016 kuhusu kuchanganya benzodiazepini na dawa za kundi la afyuni, na mwaka 2020 ikaongeza onyo kuhusu matumizi mabaya, uraibu na arosto. Mtu hulala, pumzi inapungua, asubuhi haamki.

Madereva wa malori nao wasikilize. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake huhitaji kati ya saa 20 na 50, au zaidi, kutoka, na mabaki yake hudumu zaidi ya hapo. Aliyemeza saa nne usiku akashika usukani saa kumi na moja alfajiri bado anaendesha na dawa mwilini, hata kama anajiona yuko macho. Kwa wazee, dawa hii huleta kuanguka na kuvunjika nyonga. Kwa mjamzito, inaweza kumfikia mtoto akazaliwa mlegevu na kushindwa kunyonya.

Soda ya mgeni

Kuna wanaomeza dawa hizi bila kujua. Flunitrazepamu, inayouzwa kwa jina la Rohypnol, pwani ya Kenya huitwa bugizi. Nairobi, dawa za kulevya zinazotiwa kwenye vinywaji huitwa mchele, na benzodiazepini ni miongoni mwake. Anayelengwa ni mtu mwenye fedha taslimu mfukoni, na mfanyabiashara wa mpakani ni mtu huyo.

Ubaya wa dawa hizi ni kwamba hufuta kumbukumbu. Mtu anaweza kutembea, kuongea, hata kutaja namba ya siri ya simu yake, na kesho yake asikumbuke lolote. Mtengenezaji wa Rohypnol alibadilisha kidonge chake ili kitoe rangi ya buluu kikiingia kwenye kinywaji, lakini vidonge vya viwanda vingine si lazima vitoe rangi hiyo, na kwenye soda nyeusi au bia ya chupa hutaiona.

Ukimkuta mwenzako amelegea kupita alichokunywa, usimwache alale kwanza. Mlaze ubavu, usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali. Waombe wachukue mkojo mapema, kwa sababu ushahidi hupungua kadiri saa zinavyokwenda.

Kuvuka na dawa mkononi

Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, benzodiazepini ni dawa zinazodhibitiwa. Mkataba huo unaziachia nchi nafasi ya kumruhusu msafiri abebe kiasi kidogo kwa matumizi yake, mradi amezipata kihalali. Kila nchi ina sheria yake juu ya hapo: Kenya ina sheria ya mwaka 1994, Tanzania ya mwaka 2015. Soko la pamoja halijafanya cheti cha daktari wa Arusha kiwe ruhusa ya kununua dawa Nairobi.

Kama umeandikiwa, beba dawa ndani ya boksi lake, na cheti chenye jina linalolingana na pasi yako ya kusafiria au hati ya muda. Beba za siku za safari tu. Usibebe mzigo wa vidonge vya mtu mwingine kama zawadi kwa shangazi yake. Vikikutwa kwenye begi lako ni vyako. Wanaokwenda Dubai kuchukua bidhaa wajue kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu unataka kibali cha dawa zinazodhibitiwa kiombwe kabla ya kusafiri.

Kuhusu kuziuza, hesabu ni fupi. Anayechanganya makopo ya vidonge na katoni za biskuti bila leseni hafanyi biashara ndogo ya mpakani, anafanya kosa la jinai pande zote mbili za mpaka. Na hana namna ya kujua kama kopo alilonalo si kama yale ya Ituri.

Wasiwasi unatibika

Wasiwasi unaodumu miezi ni ugonjwa unaotibika, na benzodiazepini si tiba yake ya kwanza. Ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mtu kuyakabili mawazo yake una matokeo mazuri. Zipo pia dawa kama fluoksetini na sertralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na hazileti uraibu wa aina hii, ingawa nazo huanzwa na kuachwa kwa maelekezo ya daktari.

Mara nyingine mapigo ya moyo kwenda mbio ni tezi la shingo, upungufu wa damu, shinikizo la damu, au chupa nne za kinywaji cha kuongeza nguvu. Hayo yanapimwa, na kidonge cha kutuliza huyaficha tu.

Kabla ya kulipa dukani, uliza maswali matatu: hii inaitwaje, ninaimeza kwa siku ngapi, na nitaiachaje? Muuzaji akishindwa kujibu hata moja, rudisha fedha mfukoni na uulizie hospitali iliyo karibu.