Kuhariri Sauti Bila Kuona: Kweli au Si Kweli?

Umeyasikia mara nyingi. Asiyeona anaweza kutangaza, kuimba, hata kughani utenzi hadi ukumbi usisimke, lakini ikifika kazi ya kukata, kuunga na kusafisha sauti, amwachie mwenye macho. Kisha hufuata ushauri wa kila aina: nunua hii, ya bure haifai, siku hizi akili mnemba inamaliza yote. Tuyapime madai saba, na kila dai lipate hukumu yake.

1. Huwezi kuhariri sauti bila kuyaona mawimbi yake kwenye skrini.

SI KWELI. Mawimbi yale ni picha tu ya sauti. Kwa miongo mingi watayarishaji wa redio walihariri kwenye utepe wa sumaku usioonyesha chochote. Walizungusha magurudumu kwa mkono huku wakisikiliza, wakatia alama kwa kalamu, wakakata kwa wembe na kuunga kwa utepe wa gundi. Sikio ndilo lililoamua. Leo kibodi inafanya kazi ya wembe. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, rekodi ikiwa inacheza, unabonyeza mabano ya mraba ya kufungua pale kosa linapoanza na ya kufunga linapoishia. Unasimamisha, unafuta. Kipanya hukigusi.

2. Kisoma skrini kitasoma programu yoyote, mradi umekiwasha.

SI KWELI, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kiwe NVDA au JAWS kwenye Windows, VoiceOver kwenye Mac na iPhone, au TalkBack kwenye Android, kisoma skrini, yaani programu inayotamka yaliyomo kwenye skrini, hutegemea taarifa ambazo programu yenyewe inaipa kompyuta: hiki ni kitufe, jina lake ni hili, kiwango chake sasa ni hiki. Programu nyingi za sauti huchora vitufe vyake kama picha za mitambo ya studio na hazitoi taarifa hizo. Mwenye macho anaona kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti. Kisoma skrini kinakuta picha tupu na kunyamaza.

Mfano mzuri ni REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Ikiwa peke yake, mengi yanayotokea ndani yake hayatamkwi. Ukiiongezea OSARA, programu jalizi ya bure iliyoanzishwa na James Teh, inakutajia uko kwenye rekodi ipi na kishale kipo wapi, na inaweza kukuonya sauti inapovuka kiwango. Ndiyo maana REAPER imependwa sana na wanamuziki na watayarishaji wasioona.

Basi kabla ya kulipa, chukua toleo la majaribio. Pita kwa kitufe cha Tab, fungua menyu kwa Alt ikiwa uko kwenye Windows. Je, kila kitufe kina jina? Viwango vinabadilika kwa mishale? Usisahau kufungua dirisha la kuondoa kelele lenyewe, kwa maana programu inaweza kusomeka vizuri kote, kisha ikanyamaza hapo hapo unapoihitaji.

3. Rahisi ghali: programu ya bure itakuharibia kazi.

SI KWELI katika uwanja huu. Methali hiyo ina mahali pake, hasa ukienda kununua chaja. Lakini NVDA ni ya bure, na ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, asiyeona, akaungana naye James Teh yule yule, naye pia asiyeona. Inakuja na eSpeak NG, sauti inayoweza kusoma Kiswahili. Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 baada ya kuanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, haiuzwi, na kiondoa kelele kimo ndani yake. REAPER inalipiwa, lakini unaijaribu siku 60, na leseni ya bei ya punguzo ni dola 60. Fedha zako za kwanza zipeleke kwenye maikrofoni na hedifoni nzuri.

4. Ukizidisha nguvu ya kuondoa kelele, sauti inazidi kuwa safi.

SI KWELI. Kiondoa kelele cha Audacity hutaka kwanza kipande chenye kelele peke yake, sekunde chache kabla msemaji hajaanza. Humo kinajifunza nguvu ya kelele hiyo kuanzia besi hadi sauti nyembamba kabisa. Kisha kinapitia rekodi nzima, na popote sauti isipovuka kiwango hicho, kinaipunguza. Tatizo ni kwamba sauti za s, f na sh zinakaribiana sana na mvumo wa feni. Ukikaza mno, zinaliwa pamoja nao, na msemaji anasikika kana kwamba anazungumza ndani ya maji.

Anza na desibeli 6, usikilize, ndipo uongeze taratibu. Audacity inakuruhusu pia kusikiliza kile kinachoondolewa tu. Ukisikia maneno humo, umevuka mpaka. Kipimo hiki hakihitaji macho hata kidogo. Kumbuka pia kwamba njia hii hufaa kwa kelele isiyobadilika, kama feni, friji au jenereta. Bodaboda iliyopita, jogoo aliyewika na mwangwi wa ukumbi havitoki hivyo.

5. Akili mnemba inasafisha sauti yoyote.

NUSU KWELI. Mwaka 2017 Jean-Marc Valin alitoa RNNoise, iliyoonyesha kwamba mtandao mdogo wa neva bandia unaweza kutenganisha usemi na kelele papo hapo kwenye kompyuta ya kawaida. Programu za aina hii huziweza hata kelele zinazobadilikabadilika. Kwa asiyeona zina faida nyingine: nyingi hazina vitufe vya kuzungusha. Auphonic ya Austria, kwa mfano, hufanya kazi kwenye kivinjari: unapakia faili, unapokea iliyosafishwa, na kila mwezi una saa 2 za bure.

Lakini zilizofundishwa kutambua usemi huweza kuiona ngoma au zumari kuwa ni kelele, na nyingine hula silabi au kubadilisha sauti ya msemaji. Tena, ukitumia ya mtandaoni kama Auphonic, faili inakwenda kwenye mitambo ya watu wengine. Mahojiano ya siri usiyapeleke huko, na rekodi ya asili usiifute kamwe.

6. Wasioona wamejaliwa masikio makali, hawahitaji mafunzo.

NUSU KWELI. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Frédéric Gougoux na wenzake. Waliopofuka wakiwa wadogo waliwazidi wenye macho katika kutambua kama sauti inapanda au inashuka. Waliopofuka baadaye maishani hawakuwazidi. Na hata sikio kali halizaliwi likijua desibeli ni nini au mngurumo wa umeme unatoka wapi. Anayemsifu asiyeona kwa kipaji chake, kisha akamnyima nafasi ya mafunzo, hajamsaidia.

7. Heri kuzuia kelele kuliko kuisafisha.

KWELI tupu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na fizikia inawaunga mkono wazee. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti yako inaongezeka takriban desibeli 6, ilhali kelele ya chumba inabaki pale pale. Zima feni. Sogeza waya za maikrofoni mbali na chaja, kwa sababu umeme wa Afrika Mashariki hutetema mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake husikika hapo na kwenye 100 na 150. Rekodi penye mapazia, magodoro au nguo nyingi, ili mwangwi ufe. Vaa hedifoni, kisoma skrini kisije kikaingia kwenye rekodi. Acha kimya cha sekunde tano kabla ya kuanza, kwani ndicho sampuli utakayoihitaji baadaye.

Ukitaka kuchagua, basi, chukua rekodi yako mwenyewe yenye kelele ya mahali unapofanyia kazi, uipitishe kwenye programu mbili kwa kibodi peke yake. Ile uliyoweza kuimaliza bila kumwita mtu, na bado maneno yote yakasikika, ndiyo yako. Ukikuta kitufe kisicho na jina, waandikie waliotengeneza programu, uwaeleze kiko dirisha gani na ulikifikiaje. Kukipa jina huwa ni kazi ndogo kwao, lakini kwako ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kuomba msaada.