Desemba Hadi Machi Mjini New York

Usiku wa Desemba 31, umati utafurika tena Times Square, mjini New York, kutazama tufe la taa likiteremshwa kuukaribisha mwaka mpya. Kwa polisi wa huko, usiku huo ni kazi tupu: kila aingiaye hupekuliwa, na atokaye nje ya uzio hupoteza nafasi yake.

Desturi hiyo ilianza 1907. Wakati wa vita, 1942 na 1943, taa za mji zilipopunguzwa, tufe halikuteremshwa. Watu walikuja vivyo hivyo, wakasimama kimya kwa dakika moja; nasi twauheshimu ukimya huo kuliko fataki zote.

Machi 17 huwa zamu ya gwaride la Waayalandi, lililoasisiwa 1762. Kikosi cha 69 cha askari wa miguu hulitangulia tangu 1851.